Nimeambiwa ninunue vikoa 12 kwa mkupuo: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo wakili. Nakaanga na kusaga kahawa hapa Moshi, nauza kwa jina la Chiriku tangu 2019. Tovuti yangu iko kwenye .co.tz. Wiki iliyopita nimepokea barua pepe ya wakala wa vikoa, yaani majina ya tovuti. Anasema siku hizi mikia mipya ya intaneti, ile inayokuja baada ya nukta, ni mamia, na kuna kampuni ya nje imeomba jina Chiriku kwenye .coffee, .store, .africa na mingine, jumla 12. Amenipa siku 7 nilipie yote, la sivyo anampa huyo mwingine. Nikaangalia mwenyewe nikakuta .shop kweli imeshachukuliwa: ukurasa mtupu, katikati pameandikwa kwamba kikoa kinauzwa. Cheti cha BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, ninacho. Je, nilipe? Huyo wa .shop nimfanyeje? Na ni nani hasa aliyeruhusu vurugu hii, na mwamuzi wa mwisho ni nani? Au nibadilishe jina kabisa niepuke balaa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. (Kwa wasomaji wengine: jina halisi la kahawa nimelificha, Chiriku ni la kupanga.)

Usilipe. Barua kama hiyo huwa naletewa ofisini mara kwa mara, na maneno yake hayabadiliki: kuna kampuni imeomba jina lako, sisi wasajili waungwana tumeona tukuulize kwanza, jibu haraka. Ninayo moja iliyoandikiwa mteja wangu mwenye duka la vitenge, ikimwita mkurugenzi mkuu na kumtisha kuhusu .cn na .asia, mahali ambapo hajawahi kuuza hata kitambaa cha leso. Vikoa haviuzwi hivyo. Anayetangulia kulipa ndiye anayepata, na kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Kama kweli ipo kampuni inayoitaka Chiriku, ingeshaichukua kabla hujamaliza kusoma salamu. Hakuna msajili anayemzuia mteja mwenye fedha mkononi ili akutafute wewe Moshi.

Sasa cheti chako. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Kitoe kwenye fremu, soma kichwa chake. Kama ni cheti cha jina la biashara, ulichonacho ni kibali cha kufanya biashara ukijiita hivyo, basi. Alama ya biashara ni kitu kingine kabisa, ingawa dirisha la BRELA ni lile lile. Cheti cha alama kina namba yake, kinataja tabaka la bidhaa, na kinakupa haki ya kumzuia mwingine asitumie neno hilo kwenye bidhaa kama zako. Dunia nzima bidhaa na huduma zimegawanywa katika matabaka 45. Kahawa ya kukaangwa na kusagwa iko tabaka la 30. Ukifungua mgahawa wa kuiuza kwenye kikombe, hiyo ni 43. Wafanyabiashara wengi wanaokuja kwangu na malalamiko ya vikoa wana cheti cha kwanza na wanadhani wana cha pili.

Hili si jambo la makaratasi tu, kwa sababu kila kinga iliyowekwa kwenye vikoa vipya inamtambua mwenye alama. Ukija na jina la biashara peke yake mlango haufunguki, au unafunguka kwa kusukumana sana.

Kabla sijafika kwa huyo wa .shop, nikueleze kiini cha ugomvi wenyewe. Chukua neno Simba. Kuna klabu ya mpira Dar es Salaam, kuna saruji ya Tanga, kuna viazi vya kukaanga vya Afrika Kusini, kuna magodoro ya Uingereza, kuna wanasesere wa Ujerumani. Wote wanaitwa Simba, na wanaweza kukaa kwa amani, kwa sababu sheria ya alama inatenganisha bidhaa na inatenganisha nchi. Hakuna mtu anayekwenda kununua saruji akarudi na godoro. Intaneti haina utenganisho huo. Simba ya .com ni moja, ina mwenyewe mmoja, na waliobaki wote wanatafuta pa kujishikiza. Ni kiwanja kimoja chenye hati tano, na zote tano halali.

Ndiyo maana wapo waliosema: basi ongezeni viwanja. Hoja haikuwa ya kipuuzi. ICANN, shirika lisilo la faida lenye makao California ambalo tangu 1998 ndilo linalosimamia majina ya intaneti, lilipitia sera hiyo kwa miaka. Bodi yake ikapitisha mpango Singapore, Juni 2011, na dirisha likafunguliwa Januari 2012. Ada ya kuomba mkia mmoja ilikuwa dola 185,000. Maombi yalikuja 1,930. Wakati huo mikia ya jumla, yaani .com, .org, .info na wenzao, ilikuwa 22 tu. Baadaye mipya zaidi ya 1,200 iliingizwa kwenye mfumo. Kwa .shop peke yake, waliogombania waliishia kwenye mnada, na kampuni ya Kijapani ya GMO ikalipa dola milioni 41.5 mwaka 2016. Kwa hiyo ukiuliza aliyeruhusu ni nani, jibu fupi ni hilo. Jibu refu lina mvutano ndani yake, na mvutano huo ndio unaoamua nafasi yako leo.

Wenye alama kubwa waliliona suala hili kwa jicho la mwenye nyumba anayeambiwa mtaa utakuwa na milango 1,200, na kila mlango anunue kufuli yake. Wakapiga kelele mpaka, mwaka 2009, ICANN ikaunda kikosi cha wataalamu wa alama kipendekeze kinga. Kikosi kikaleta mambo kadhaa. Mojawapo lilikuwa orodha ya alama zinazolindwa duniani kote: jina likiingia humo, linazuiwa kwenye kila mkia mpya. Likakataliwa, na mimi ninasema lilikataliwa kwa haki. Haki ya alama hutolewa na nchi, kwa bidhaa fulani. Orodha ya dunia ingewapa wakubwa kwenye intaneti kitu ambacho hakuna mahakama ya nchi yoyote iliyowahi kuwapa. Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kushukuru: Disney ilipata usajili wa maneno “Hakuna Matata” Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Nguo, na huko huko. Hebu fikiria usajili wa namna hiyo ukigeuzwa kuwa uzio wa dunia nzima, uone mwenye nyumba ya wageni Paje angejiitaje mtandaoni.

Kilichopatikana badala yake ni maridhiano. Mwaka 2013 likaanzishwa daftari kuu la alama, lile linaloitwa Trademark Clearinghouse. Mwenye alama iliyosajiliwa nchi yoyote, ikiwemo Tanzania, anaiandikisha kwa takribani dola 150 kwa mwaka, na anapata vitu viwili. Mkia mpya unapofunguliwa anapewa dirisha la kununua mapema, siku zisizopungua 30 kabla ya umma. Kisha kwa siku 90 za mwanzo za soko la wazi, kila anayetaka kununua jina lililofanana herufi kwa herufi na alama yake anatokewa na onyo kwenye kioo: jina hili ni alama ya fulani, kwa bidhaa kadhaa, unaendelea? Akiendelea, mwenye alama anataarifiwa. Hiyo ndiyo taarifa pekee ya kweli inayofanana na barua uliyotumiwa, na inakwenda kwa waliomo kwenye daftari tu. Wewe hukuwemo.

Angalia lakini daftari hilo halifanyi nini. Halizuii, linaonya tu. Na halijui Chirikuu wala ChirikuKahawa, linajua Chiriku.

Dirisha la mapema nalo liligeuka kuwa mtego kwa baadhi. Mwaka 2015 mkia wa .sucks ulifunguliwa. Kwa Kiingereza neno hilo ni tusi jepesi, kama kusema fulani hafai. Wenye alama waliambiwa wanunue majina yao mapema, kabla hajatokea wa kuwasema vibaya, na bei iliyopendekezwa kwao ilikuwa dola 2,499 kwa mwaka kwa jina moja. Wanasheria wa alama walichachamaa, wakaita ni unyang’anyi. ICANN yenyewe, iliyotia saini mkataba wa mkia huo, ikaandikia mamlaka za Marekani na Kanada kuuliza kama sheria imevunjwa. Mtu anauza leseni, kisha anakimbilia polisi kuulizia kama leseni aliyouza ni halali! Hadithi hii huwa nawapa wateja wanaodhani kuna mzee mmoja juu kabisa anayeshika rungu. Hayupo. Kuna mikataba, na kuna watu wanaoisoma kila mmoja kwa upande wake.

Turudi kwa huyo wa .shop.

Fungua lookup.icann.org, andika jina lote pamoja na mkia wake. Jina la mmiliki huenda limefichwa. Tangu sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2018, wasajili wengi huonyesha nchi tu na mistari iliyofutwa. Usihangaike nayo. Kitafute kitu kimoja: tarehe ya kusajiliwa. Piga picha ya ukurasa huo, piga na ya ukurasa wa “kinauzwa”, zote zionyeshe siku uliyozipiga. Kurasa hizi zina tabia ya kubadilika siku unayopeleka malalamiko.

Tarehe hiyo ina uzito kuliko hasira zako zote. Utaratibu mkuu wa migogoro ya vikoa unaitwa UDRP, ICANN iliupitisha mwaka 1999 na unatumika kwenye mikia yote ya jumla, mizee na mipya. Unasimama kwa mafiga matatu, moja likikosekana chungu kinamwagika. Kwanza, uwe na haki ya alama, na jina la kikoa lifanane nayo hata kuchanganya watu. Pili, aliyelisajili asiwe na haki wala sababu halali ya kuwa nalo. Tatu, awe amelisajili kwa nia mbaya na analitumia kwa nia mbaya, vyote viwili.

Shauri la kwanza kabisa lilikuwa jepesi. Mtu wa California alisajili jina la World Wrestling Federation kwenye .com, na siku 3 baadaye akawaandikia wenyewe akitaka dola 1,000. Januari 2000 akaamriwa kulikabidhi. Mafiga yote yalikuwa yamepangwa na yeye mwenyewe.

Lako si jepesi hivyo. Kwenye figa la kwanza, UDRP inakubali hata alama isiyosajiliwa, ila uthibitishe kwamba wanunuzi wanaposikia jina hilo wanakufikiria wewe: risiti za miaka, vifungashio, maonyesho uliyoshiriki, magazeti yaliyokuandika. Kwa jina la kubuni mzigo ni wa kubebeka. Kwa neno la kamusi ni mzito, na chiriku ni ndege anayejulikana na kila mtoto. Kwenye figa la pili, huenda hilo ni jina la ukoo wa huyo bwana, au anauza vizimba vya ndege. Hapo ana haki kama wewe. Na la tatu: kama tarehe uliyoipata ni ya 2017, umeshakwama, kwa kuwa hakuweza kuinyemelea kahawa ambayo haikuwepo. Kuweka neno la kawaida sokoni peke yake si nia mbaya, madalali wa maneno wapo na biashara yao inakubalika. Ikiwa alisajili baada ya jina lako kuvuma, halafu akakuandikia wewe, au mshindani wako, akitaja bei inayozidi mno gharama zake, hapo tuna mazungumzo. Kwa hiyo usimwandikie. Mwache aanze yeye.

Kuhusu gharama. Kwa WIPO ya Geneva, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ambayo miaka ya karibuni imepokea mashauri zaidi ya 6,000 kwa mwaka, ada ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500 kwa jina moja hadi matano. Mlalamikiwa ana siku 20 za kujibu, na jambo lote huchukua kama miezi miwili. Ukishinda unapewa kikoa au kinafutwa. Hupati fidia, wala ada hairudi. Ukishindwa vibaya, mwamuzi anaweza kuandika kwamba ulitaka kumpora mwenzio kwa mgongo wa sheria, na maandishi hayo hubaki hadharani. Upo pia utaratibu wa haraka kwa mikia mipya, URS, ambao ada yake ni dola mia chache, lakini unataka alama iliyosajiliwa na inayotumika, ushahidi usioacha shaka, na zawadi yake ni kikoa kufungiwa mpaka muda wake wa malipo uishe. Hukabidhiwi. Kwa mwizi wa mchana, anayeuza kahawa bandia kwa jina lako, URS ni dawa nzuri. Kwa ukurasa mtupu wa dalali ni kutupa fedha.

Umeuliza pia nani mwamuzi wa mwisho, na sitaki nikuache na picha kwamba mwenye alama hushinda siku zote akiwa mkubwa. Kampuni ya Amazon iliomba mkia wa .amazon mwaka 2012. Alama inayo, fedha inazo. Brazil na Peru zikasimama: Amazon ni mto wetu, ni msitu wetu, ni watu wetu. Serikali zina kamati yao ya ushauri ndani ya ICANN, na kamati hiyo ilipokutana Durban, Julai 2013, ikashauri ombi likataliwe. Likakataliwa 2014. Amazon ikaenda kwenye jopo huru la mapitio, ikashinda 2017, wakarudi mezani, wakavutana tena, na mkataba ukatiwa saini mwishoni mwa 2019. Miaka 7 kwa herufi 6. Hakuna sheria ya alama inayosema mto una haki kuliko duka, wala duka kuliko mto. Ilibidi ipigwe siasa.

Hata .africa, iliyomo kwenye ile orodha yako ya 12, ilipita moto huo huo. Waombaji walikuwa wawili, mmoja akiwa na baraka za Umoja wa Afrika. Aliyekosa alikwenda kwenye jopo, jopo likasema 2015 kwamba ICANN haikumtendea sawa, kesi ikahamia mahakama za California, na mkia ukaja kuingizwa kwenye mfumo Februari 2017 chini ya shirika la Afrika Kusini lililoungwa mkono na Umoja. Umma ukaanza kununua Julai mwaka huo. Sisi tuliosubiri tulikuwa tumeshachoka kusubiri, wengine wakawa wamejichimbia kwenye .com.

Basi cha kufanya. Wiki hii, kabla ya kikoa chochote, peleka ombi la alama ya Chiriku tabaka la 30. Likikubaliwa hutangazwa, na watu wana siku 60 za kupinga. Ukisajiliwa unalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10. Kumbuka usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana ofisi yao na usajili wao, na kama unapeleka kahawa hotelini Nungwi hilo si dogo. Kenya ofisi ya alama ni KIPI. Usisajili picha ya ndege peke yake, sajili neno, maana vikoa ni maneno.

Kisha nunua mikia miwili, usizidi mitatu. .com kama ipo kwa bei ya kawaida. .coffee, kwa sababu ndiyo inayosema unauza nini. .africa ukitaka kuuza nje. Nunua mwenyewe kwa msajili wa kawaida, kwa jina la biashara yako, na barua pepe ambayo haitapotea na kijana wa kompyuta atakapoacha kazi. Nimeona zaidi ya mmoja aliyepoteza kikoa kwa njia hiyo, bila mvamizi yeyote kuhusika. Hiyo mingine iache wazi. Anayetafuta kahawa yako hataandika .store kwa kubahatisha, ataandika jina kwenye Google. Na jina lako la .co.tz lilinde kwa kulipia mapema kila mwaka. Likivamiwa siku moja, migogoro ya .tz nayo inapokelewa WIPO.

Daftari la Clearinghouse kwa sasa liruke. Utaona kelele nyingi mwaka huu wa 2026 kwa sababu ICANN imefungua awamu nyingine ya maombi ya mikia, safari hii kwa ada ya dola 227,000, na mawakala watakuja na barua mpya. Kutoka ombi kupokelewa hadi mkia kuuzwa kwa umma kuna safari ndefu. Ukipata cheti cha alama katikati ya safari hiyo, ndipo tukae tupige hesabu kama dola 150 kwa mwaka zinakufaa.

Na lile ulilouliza mwishoni kabisa mwa barua yako, kama ubadilishe jina kabisa uepuke balaa. Hapana. Lakini siku ukitoa kahawa ya pili, usiipe jina la ndege. Unganisha maneno mawili, au chukua jina la kitongoji na ulivunje kidogo, upate neno ambalo ukilitafuta leo mtandaoni halileti kitu. Nitumie matatu, nitayapekua kwenye daftari la BRELA kabla hujachapisha mifuko.